Mzigo na Mwili: Mizizi ya Kilatini katika Jina la Kariakoo

Mwanafunzi wa theolojia aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na vitabu vyetu vya Kiingereza kama mtu aliyefika mto uliofurika. Maneno ni mengi, ni marefu, na kamusi humfundisha neno moja moja bila kumwonyesha undugu wake na mengine. Kwa sababu hiyo, walimu wengi, nasi tukiwemo, tumeona vema kumfundisha mizizi ya Kilatini, kwa maana mzizi mmoja hubeba maneno kumi. Lakini kwa kawaida tumeanza mbali mno, huko Roma kwa Kaisari na majeshi yake. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba twaweza kuanza Dar es Salaam, pale sokoni Kariakoo.

Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi lao lilihitaji watu wa kubeba chakula na risasi, kwa kuwa farasi, ng'ombe na punda walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na magari yalikwama matopeni. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza «Carrier Corps». Kambi yao ilikuwa katika eneo hilo, na kinywa cha Mswahili kikalifanya jina kuwa Kariakoo. Nairobi nako kuna mtaa uliopata jina kwa njia iyo hiyo, nao huitwa Kariokor hadi leo.

Tulitazame jina hili kwa makini. Neno la kwanza latoka katika «carrus», gari la kukokotwa, neno ambalo Warumi wenyewe walilichukua kwa Wagali. Kutoka hapo Kiingereza kimepata «car», «carry», «cargo» na «charge», ambalo hapo mwanzo lilikuwa na maana ya kupakia mzigo. La pili latoka katika «corpus», yaani mwili, likapitia Kifaransa. Ndiyo maana herufi zake mbili za mwisho huandikwa lakini hazitamkwi. Humo mna «corporal», «corporate», «incorporate» na «corporation». Shirika lililoundwa kwa sheria mwaka 1974 kusimamia soko liliitwa kwa Kiingereza «Kariakoo Market Corporation». Katika maneno hayo matatu «corpus» imo mara mbili, na neno la katikati latoka katika «mercatus», soko la Warumi. Mwanafunzi akiyafahamu haya, amejifunza Kilatini bila kupanda basi.

Hata hivyo yampasa awe na hadhari. Kila mwaka hutokea mmoja anayetuambia kwa furaha kwamba «incarnation» nayo ni ya ukoo wa «carrus». La hasha! Hiyo yatokana na «caro», nyama au mwili wa damu, na Neno hakupakiwa garini. Vilevile «gari» letu la Kiswahili lilitoka Bara Hindi, wala si Roma. Kufanana kwa sauti si undugu.

Tukitoka sokoni kwa miguu twafika Gerezani. Neno «gereza» wataalamu wengi hulirudisha kwenye neno la Wareno, «igreja», ambalo ni «ecclesia» ya Kilatini, nayo ni «ekklesia» ya Kigiriki: kanisa. Wareno walijenga Ngome ya Yesu Mombasa kuanzia mwaka 1593, na ndani yake palikuwa na kanisa. Wenyeji waliliita jengo kwa jina walilolisikia. Jina likawa la ngome, na ngome ikaja kuwa kifungo. Waingereza waliitumia ngome hiyohiyo kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Hapa ndugu zetu wahubiri na watulie kidogo. Wako wanaosimama mimbarani wakasema maana ya kweli ya neno ni ile ya mzizi wake, na kwamba Mtume Paulo aliposema «dynamis» aliwaza baruti ya Nobel, iliyopewa jina hilo mwaka 1867! Kama mzizi ndio maana, basi watu wa Gerezani wakaa kanisani. Mzizi hutuonyesha njia ambayo neno limepita. Maana tutaiuliza kwa wale wanaolitumia.

Jirani na Gerezani ni Stesheni, ambako ujenzi wa reli ya kati ulianza mwaka 1905. Humo mna «stare», kusimama, na tukiongeza kiambishi «sub» twapata «substantia», kile kinachosimama chini ya vyote. Mwanafunzi aliyetetemeka mbele ya «consubstantial» ya Imani ya Nikea sasa aweza kulivunja neno hilo vipande vitatu. Kuhusu Posta, inayotoka katika «ponere», kuweka, hatutasema zaidi. Na ajitafutie mwenyewe.

Lakini «corpus» yaturudisha Kariakoo. Luther alipokutana na Zwingli huko Marburg mwaka 1529, aliandika mezani kwa chaki, kwa Kilatini, maneno ya Bwana juu ya mwili wake, wala hakukubali kuyaacha. Hata neno letu «meza» ni «mensa» ya Kilatini iliyoletwa na Wareno. Katika Kiingereza «corps» na «corpse», kikosi na maiti, vyatofautiana kwa herufi moja tu, kwa kuwa vyote viwili ni «corpus».

Hili si mchezo wa maneno. Wapagazi wale walibeba ratili hamsini hivi kila mmoja, wakala unga usioiva vizuri, wakafa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Hesabu za Waingereza zilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaona idadi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, na vifo vyao viliandikwa kwa uchache zaidi. Wakristo walikuwamo: Askofu Frank Weston wa Unguja aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916, na mwaka 1917 Dakta Arthur wa misheni ya Kikuyu alikwenda na watu wa misheni. Katika historia za kanisa tunazofundisha, wamisionari waliofungwa wakati wa vita wanatajwa kwa majina. Wapagazi kwa kawaida hupata sentensi moja.

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani kwa nini sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina mtu mmoja tu mwenye bunduki, hali maandishi yake yawataja wapagazi pia. Tulimjibu kwamba ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Akauliza tena kama yupo anayejua jina lake. Nje, katika mtaa wa Msimbazi, wachukuzi walikuwa wakipita na mikokoteni yao, wakipiga kelele ili wapishwe.