Saa ya mbio yenye GPS: Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

MTU anayeanza mbio za masafa marefu ukubwani hugundua mapema kwamba viatu peke yake havimwelezi amekwenda umbali gani, kwa kasi gani, na moyo wake umefanya kazi kiasi gani. Hapo ndipo mawazo yanapogeukia saa ya mkononi yenye GPS na uwezo wa kupima mapigo ya moyo. Na hapo ndipo anapoona kwamba bei ya chombo hicho huanzia chini ya dola 100 za Kimarekani na kupita dola 1,000.

Kwa mfanyakazi wa kawaida wa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, hata saa ya bei ya chini si fedha ya kuchezea, hasa baada ya gharama za usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji kuongezwa juu yake. Kwa bahati nzuri, mahitaji halisi ya mkimbiaji ni machache, na saa za kati ya dola 80 na 250 huyatimiza karibu yote. Tatizo ni kwamba humo humo katika kundi hilo ndimo zilimo saa nyingi zisizofanya kile ambacho mnunuzi anadhani zinafanya.

Chombo chenyewe hakina historia ndefu. Hadi Mei 2000, Serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba mtu angeweza kuonyeshwa yupo mita 100 kutoka mahali alipo. Rais Bill Clinton alipoagiza utaratibu huo ukomeshwe, mlango wa matumizi ya kawaida ukafunguka. Mwaka 2003 kampuni ya Garmin ilitoa saa zake za kwanza za Forerunner, mwaka ule ule ambao Kilimanjaro Marathon ya Moshi na Nairobi Marathon zilifanyika kwa mara ya kwanza. Upimaji wa moyo ni mkongwe zaidi: kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilileta kipimo chake cha kwanza kisicho na waya mwaka 1982.

Jambo la kwanza la kuuliza dukani ni kama saa ina GPS yake yenyewe. Swali hili huonekana la kitoto, lakini ndilo linalowaponza wengi. Baadhi ya saa na mikanda ya mazoezi hazina kipokezi cha mawimbi ya setilaiti. Huazima GPS ya simu iliyomo mfukoni. Fitbit Inspire 3, kwa mfano, hufanya hivyo. Anayeiacha simu nyumbani hupewa umbali wa kukadiria kutokana na idadi ya hatua zake. Kifungashio huweza kuandikwa neno GPS kwa herufi kubwa bila kufafanua ni GPS ya nani.

Mfano mwingine ni Amazfit Bip 3 na Bip 3 Pro zilizotolewa mwaka 2022. Kwa sura ni kama mapacha, ila Bip 3 haikuwa na GPS na Bip 3 Pro ilikuwa nayo. Mnunuzi aliyekimbilia tofauti ndogo ya bei alijinyima kile kile alichokifuata. Kwa hiyo jina kamili la toleo, hadi neno la mwisho, lisomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Saa yenye GPS yake husikiliza setilaiti zinazozunguka dunia umbali wa takriban kilomita 20,200 kutoka ardhini. Nyingi za siku hizi husikiliza pia mifumo mingine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Katika barabara iliyo wazi, kama zilivyo nyingi za miji yetu nje ya katikati, karibu kila saa ya kweli itafanya kazi ya kuridhisha. Matatizo huanza kati ya majengo marefu, ambako mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika mkononi, na chini ya miti iliyosongamana. Saa zinazopokea masafa mawili ya mawimbi kwa pamoja hustahimili hali hiyo vizuri zaidi. Anayekimbia kila siku katikati ya maghorofa ana sababu ya kuongeza fedha kwa ajili ya uwezo huo. Anayekimbia kando ya bahari au mashambani hana.

Hata hivyo, hakuna saa inayopima barabara kama futi. Kosa la asilimia 2 katika kilomita 10 ni mita 200, na kwa mtu anayetumia dakika 6 kwa kilomita, hiyo ni tofauti ya dakika 1 na sekunde 12. Katika marathoni jambo hili huumiza. Njia ya mashindano yaliyoidhinishwa hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, na kisha huongezwa kidogo ili isije ikawa pungufu. Mkimbiaji wa kawaida hakati kona namna hiyo, na saa nayo huongeza yake, hivyo si ajabu kuona kilomita 42.6 badala ya 42.195. Anayetaka kumaliza kwa saa 4 anahitaji dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Akiishikilia kasi hiyo kwa kuiamini saa inayosoma 42.6, atafika akiwa amechelewa dakika 2. Ndiyo maana wazoefu huchagua saa yenye kitufe cha kugawa kilomita kwa mkono, wakakibonyeza kila wanapopita kibao cha waandaaji.

Na kitufe kiwe kitufe kweli. Kioo cha kugusa kinapendeza dukani, lakini kidole chenye jasho la joto la Pwani, au mvua ya masika, hukifanya kiwe kikaidi.

Tukija kwenye moyo, njia ni mbili. Mkanda wa kifuani husoma mkondo mdogo wa umeme unaoendesha misuli ya moyo. Saa ya mkononi hutumia taa ndogo za kijani zilizo mgongoni mwake: damu hunyonya mwanga huo, na kila moyo unapopiga kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika. Kwa mwendo wa taratibu usiobadilika, mkono unatosha. Kwa mazoezi ya kasi ya vipindi, ambapo mtu anakimbia mita 400 kwa nguvu kisha anapumzika, saa huchelewa kupanda na huchelewa kushuka. Zaidi ya hapo, kuna kosa linalojulikana sana miongoni mwa wakimbiaji: saa huudaka mdundo wa miguu, ambao mara nyingi ni hatua 160 hadi 180 kwa dakika, na kuutangaza kuwa ndio mdundo wa moyo. Mtu anayekwenda mwendo wa kuongea huku saa ikimwambia moyo wake unapiga 172 hana haja ya kukimbilia hospitali. Asimame, akaze mkanda, aiangalie tena.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki liko swali ambalo wauzaji hawaligusi. Melanini, inayoipa ngozi weusi wake, hunyonya mwanga wa kijani. Je, saa hizi zinamhudumia mtu mweusi sawasawa? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walichapisha katika jarida la npj Digital Medicine matokeo ya uchunguzi uliohusisha watu 53 wenye rangi mbalimbali za ngozi. Hawakuona tofauti ya maana ya usahihi kati ya rangi moja na nyingine. Walichokiona ni tofauti kubwa kati ya chombo kimoja na kingine, na kwamba wakati wa kujishughulisha makosa yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika. Kwa maneno mengine, ubora wa saa na namna inavyovaliwa vina uzito kuliko rangi ya anayeivaa. Ivaliwe upana wa kidole kimoja au viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ibane bila kuzuia damu. Michoro ya wino kwenye ngozi ni kikwazo cha kweli.

Aliye makini na mazoezi ya kasi atafanya busara kununua saa ya bei ya chini pamoja na mkanda wa kifuani, kuliko kutupa fedha zote kwenye saa moja ya gharama. Polar H9, iliyoingia sokoni mwaka 2019 kwa takriban dola 60, ni mfano wa mkanda wa namna hiyo. Cha kuhakikisha ni kwamba saa inakubali kuunganishwa na mkanda wa nje kwa Bluetooth au ANT+, kwani baadhi ya saa rahisi hazikubali.

Namba yenyewe nayo ina mitego. Saa nyingi hupanga ngazi za juhudi kwa kutoa umri kutoka 220. Kuna kanuni nyingine iliyochapishwa mwaka 2001, ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili hutoa 180. Kwa wa miaka 60 ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166. Zote ni makadirio, na moyo wa mtu mmoja huweza kutofautiana nazo kwa mapigo 10 au zaidi. Mkazi wa Dar es Salaam akienda kufanya mazoezi Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ataona mapigo yamepanda kwa kasi ile ile, na saa haitamweleza sababu. Kubwa zaidi, mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa kama atenolol, propranolol au bisoprolol asizifuate ngazi hizo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa dawa hizo huuzuia moyo kupanda. Saa itamhimiza aongeze juhudi wakati mwili umeshafika ukomo. Vile vile, maumivu ya kifua hayapimwi kwa saa.

Je, ni saa zipi? Garmin Forerunner 55 ilitolewa mwaka 2021 kwa dola 199.99, na hudumu hadi saa 20 GPS ikiwa inafanya kazi. Coros Pace 2 ya mwaka 2020 ilianza kwa bei hiyo hiyo, ina uzito wa gramu 29 ikiwa na mkanda wa kitambaa, na hudumu hadi saa 30. Kampuni hiyo ndiyo iliyoingia mkataba na Eliud Kipchoge mwaka 2021. Mrithi wake, Pace 3 ya mwaka 2023, ilianza kwa dola 229 ikiwa na masafa mawili na saa 38 za GPS. Amazfit Bip 6 ilitoka mwaka 2025 kwa dola 79.99 ikiwa na GPS yake, na kwa anayejiandaa kwa kilomita 5 au 10 haina aibu. Hizo ni bei za siku ya kutolewa. Toleo la zamani hushuka jipya linapofika, na mara nyingi hilo la zamani ndilo la kununua. Umeme ukiwa wa kukatika-katika, saa inayochajiwa mara moja kwa wiki ina thamani kuliko ile yenye kioo cha kumetameta inayodai chaji kila usiku.

Saa iliyotumika inaweza kuwa nafuu nzuri, ila betri huchakaa. Muuzaji aombwe kuiwasha GPS kwa nusu saa mbele ya mnunuzi ili kuona chaji imepungua kiasi gani. Ahakikishwe pia kwamba saa imeondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani, na kwamba waya wake wa chaji upo, kwa sababu kila kampuni ina wa kwake na kuupata peke yake ni kazi.

Kuhusu saa bandia, ipo imani mitaani kwamba saa inayotoa mapigo ikifungwa kwenye ndizi au karatasi ya chooni ni ya uongo. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Hata saa halali huweza kudanganyika na kitu kinachorudisha mwanga. Jaribio la maana ni la vidole viwili. Mnunuzi apande ngazi kwa haraka, ahesabu mapigo shingoni au mkononi kwa sekunde 30, azidishe kwa mbili, kisha alinganishe. Tofauti ya mapigo matatu au manne inavumilika. Ya 30 haivumiliki.

Baada ya kununua, saa iunganishwe na programu yake ya simu kabla ya mbio ya kwanza, ili ipakue ratiba za setilaiti. Bila hizo huweza kuchukua dakika kadhaa kujua ilipo. Katika mipangilio hiyo hiyo yafaa kuficha eneo la nyumbani. Mwanzoni mwa mwaka 2018 ramani ya mazoezi ya Strava ilibainika kuonyesha hata kambi za kijeshi kwa sababu askari walikuwa wakikimbia ndani yake, na mwanamke anayetoka peke yake alfajiri kwa njia ile ile kila siku hana sababu ya kuitangaza kwa wasiomfahamu.

Kisha saa ipelekwe kwenye uwanja wa riadha wenye mita 400, izungushwe mara tano kwenye njia ya ndani kabisa, ionekane kama itasoma karibu na kilomita 2. Yote haya yafanyike ndani ya siku ambazo duka linakubali kurudishiwa bidhaa, risiti ikiwa bado haijafutika maandishi.