Mapumziko katika Mbuga ya Serengeti

Neno "safari" tuliwaazima wageni, nao wakalirudisha likiwa na maana nyingine. Kwa babu zetu safari ilikuwa mzigo kichwani; na mpagazi aliyebeba hema, sanduku la risasi, pengine hata beseni la kuogea la bwana mwindaji, hakujua kuwa yumo ndani ya starehe ya mtu.

Katika miaka ya 1920 wageni walistarehe Serengeti kwa bunduki. Simba waliuawa wengi mno, hata serikali ya kikoloni ikaanza kuitenga nchi ile. Mwaka 1951 ikawa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1959 Wamasai waliochunga humo walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Lugha yao ndiyo iliyoipa mbuga jina: siringet, mahali ardhi isipokoma. Mchungaji alitoka, mtazamaji akaingia. Walimu wa historia wasiipite habari hiyo upesi.

Mnamo Septemba 1961, katika tamko lililotolewa Arusha (si Azimio la 1967), Mwalimu Nyerere aliahidi kuwatunza wanyama ili wajukuu wa watoto wetu wapate kuufurahia urithi huo.

Siku hizi mgeni huja na kamera. Huamshwa alfajiri, akanywa chai upesi, akapanda gari lenye paa la kufunuka. Kushuka ovyo ni mwiko. Dereva ndiye mwalimu wake, kwani hutambua mkia wa chui tawini pale ambapo mgeni aona majani tu. Jua likiwaka, simba hulala vivulini, na mgeni naye hurudi hotelini kulala. Jioni wote wawili huamka. Kati ya Julai na Oktoba wengi huenda kaskazini, wakakaa saa nyingi ukingoni mwa Mto Mara wakiwangojea nyumbu wavuke. Nyumbu hukaribia maji, hunusa, hurudi nyuma. Nasi twakiri kwamba kungoja huko ni mapumziko hasa.

Na wajukuu walioahidiwa? Wengine huletwa na shule zao, kwa kiingilio cha raia ambacho ni nafuu mno kuliko cha wageni. Lakini wananchi wengi huiona Serengeti kwa dirisha la basi litokalo Arusha kwenda Musoma, ambalo hukatiza mbuga. Abiria ana mzigo wake miguuni na shughuli yake mbele. Twiga akitokea, basi zima huinuka kutazama. Dereva hupunguza mwendo kidogo, kisha huendelea.