Chumvi, samaki na tezi ya shingo

Mbele ya Kolwezi kuwa mji, watu wa nchi hii walijua kutafuta chumvi. Kule Mwashya, kwa upande wa mto Lufira, ilipikwa chumvi iliyosafiri mbali wakati wa mwami M'siri, aliyeuawa 1891. Samaki nayo ilitoka Lualaba na mabwawa ya Upemba, ikakaushwa kwa moshi. Union Minière ilipogawa posho, samaki ya Luapula, ile Wagiriki walinunua Kasenga, iliingia mu makambi.

Kumbe chumvi na samaki tulikuwa nazo, lakini iodi ilikuwa kidogo. Iodi inakaa zaidi mu bahari. Samaki ya mito na maziwa, hata kapenta, inabeba kidogo kuliko ya bahari. Udongo wa bara umeoshwa na mvua miaka mingi. Kasulo tuna kobalti chini ya nyumba, lakini hiyo haitoi iodi. (Tena miaka ya 1950, kule ng'ambo, wagonjwa wa upungufu wa damu walipewa dawa ya kobalti, na wengine wakavimba shingo, sababu kobalti nyingi inazuia tezi kufanya kazi.)

Mu Kongo yetu, funzo kubwa lilitoka kisiwa cha Idjwi, mu ziwa Kivu. Miaka ya 1960 waganga walikuta kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana goita, na kusini-magharibi kama 5 tu kwa 100. Iodi ilikosa pande zote mbili! Tofauti waliikuta mu chungu: mihogo. Muhogo usioloweka vizuri unaacha sumu, mwili unaigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kushika ile iodi kidogo iliyopo. Mama aliyekosa iodi akiwa na mimba aliweza kuzaa mtoto asiyekua, mwenye akili nzito. Basi siku tatu, ine za kuloweka mihogo si mchezo wa wazee.

Mwaka 1990 mkutano wa dunia juu ya watoto uliahidi kumaliza upungufu huu, na chumvi yenye iodi ikaenea kwetu pia. Haikukosa taabu: 1996 waganga walieleza watu wa Kivu ambao tezi zao, zilizozoea njaa ya iodi, zilianza kufanya kazi kupita kiasi.

Hapo ndipo tunawaomba wasomaji wasikilize vizuri. Leo tunasikia sokoni: «Tezi yako ni mvivu? Kula tomsoni, kula makayabu, utapona.» Kama tezi imelala sababu ya kukosa iodi, chakula chenye iodi kinasaidia. Lakini mara nyingi, pale chumvi ya iodi inapatikana, tezi inalala sababu kinga ya mwili wenyewe inaishambulia, ao sababu ilipasuliwa. Huyo samaki haimponyi. Tomsoni mara mbili kwa juma haimdhuru, ni chakula kizuri. Matone ya iodi na vidonge vya majani ya bahari vinaweza kuilaza tezi zaidi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mwenye mimba 250, na levotiroksini aliyoandikiwa na munganga haiachwi juu ya sahani ya samaki.