Sauti ya Rureke: Namna Karisi ya Walikale Ilivyofika Amerika

Vijana wengi wa Kirolirwe wanatamani kualikwa Ulaya ama Amerika, kucheza ngoma na kuimba. Ni jambo nzuri. Lakini utamaduni wa huku kwetu ulivuka bahari zamani, na tunapashwa kujua ulivuka namna gani.

Kwa majirani zetu Wanyanga wa Walikale kuna karisi, ni kusema hadithi ndefu ya shujaa. Anayeijua anaitwa shekarisi. Yeye anaimba, anasimulia na kucheza, kibuyu cha mbegu mkononi, na vijana wanamupigia vijiti na kuitikia. Mwaka 1956 Mbelgiji Daniel Biebuyck, mtaalamu wa mila, alimsikiliza shekarisi Candi Rureke. Rureke hakuzoea kuitoa hadithi ya Mwindo yote mfululizo. Desturi ilikuwa kutoa vipande. Safari hii aliimaliza kwa siku 12, waandishi wakiandika kwa mkono.

Mwaka 1969 kikatoka kitabu, kwa chapa ya Chuo Kikuu cha California, Kinyanga pamoja na Kiingereza. Aliyekitengeneza pamoja na Biebuyck ni Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe na mjuzi wa lugha. Tangu hapo wageni wa mbali wanamsoma Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, babake akamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, naye akaimba mle mle.

Mwaka ule ule wa 1969, Mwenda Jean Bosco wa Katanga alifika mwenyewe Newport, Amerika, na gitaa yake, ku tamasha ya nyimbo. Angalieni tofauti. Mwenda, watu walimuona na macho. Kwa Rureke, kilichovuka ni maneno ndani ya karatasi. Jina lake unalikuta ndani ya kitabu, watengenezaji ndio wanatajwa kwanza.

Hatusemi aliibiwa. Bila maandishi yale pengine tungekosa mengi, maana vita vimetawanya watu wa Masisi na Walikale, na wajukuu wengi hawakai tena na wazee jioni. Lakini kijana, ukialikwa ngambo, ama mgeni akija kukurekodi, uliza kwanza: jina langu litaandikwa wapi? Malipo yangu ni gani? Nakala itarudi kijijini? Tena, kama Mateene, mtoto wa kwetu anayejua lugha akae pale wanapoandika. Na sisi walimu tutafute kitabu kile, kisomwe ku masomo yetu, wazee wangali hai wa kutusahihisha.