Kijiji cha Wavuvi na Unga Mweupe



Mwaka 2004 ilionyeshwa nchini Marekani filamu iitwayo Down to the Bone, ya mwongozaji Debra Granik. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo, nje ya studio kubwa za Hollywood. Mhusika wake mkuu, aliyeigizwa na Vera Farmiga, ni mama wa watoto wawili, keshia katika duka kubwa, mkazi wa mji mdogo wa mashambani katika jimbo la New York. Anatumia kokeni. Utakayoyaona humo ni theluji, mshahara usiotosha, ndoa iliyochoka, na mwanamke anayejaribu kuacha, akaanguka, akajaribu tena. Mwongozaji hakumtafuta mraibu wake katika vichochoro vya jiji. Alimkuta kijijini, mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake na bado hakuna anayesema.

Nakuandikia kutoka Musinzira, ambako wengi wetu tunaamini kwamba balaa hili ni la miji mikubwa ya watu wengine: Dar es Salaam, Mombasa, au, tukijisogeza karibu, Buyenzi na Bwiza kule Bujumbura. Historia ya pwani inasema vingine, na kijiji kimoja chatosha kutuonyesha.

Kijiji hicho ni Watamu, kusini ya Malindi, pwani ya Kenya. Kilikuwa kijiji cha wavuvi, jirani na magofu ya Gede. Mwaka 1967 Waitalia walirusha chombo cha angani kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Mwaka uliofuata Kenya ikatenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Wageni wakaja, hoteli zikafuata. Kwa vijana wa kijiji ilikuwa mara ya kwanza kuona fedha nyingi zikipatikana kwa siku moja bila mtumbwi wala jembe. Katika miaka ya 1980 ikaja heroini, ile ya rangi ya kahawia ambayo vijana waliiita "braun shuga". Mwaka 1995 mtafiti Susan Beckerleg alichapisha makala kuhusu vijana wa kijiji hicho hicho, waliokuwa wakivutwa na unga upande mmoja na sala ya Ijumaa upande mwingine. Zingatia tarehe hiyo. Wakati ambapo serikali nyingi za ukanda wetu zilikuwa bado zikiamini kwamba heroini hupita tu kwetu ikielekea Ulaya, kijiji cha wavuvi kilikuwa tayari na waraibu wake.

Ilikujaje? Afyuni hulimwa Afghanistan, husafishwa kuwa heroini, kisha hushuka hadi pwani ya Makran, katika mipaka ya Iran na Pakistan. Kutoka hapo majahazi huelekea kusini kufuata njia ambayo babu zetu waliijua kwa jina la upepo wake: kaskazi, ule ule ulioleta tende, mazulia na, wanafasihi husema, maneno mengi ya lugha ninayoifundisha. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi moja nje ya pwani ya Kenya na kukuta humo kilo 1,032 za heroini. Shehena kama hiyo haikukusudiwa pwani peke yake, lakini mzigo unapopita, wabebaji na walinzi wake mara nyingi hulipwa kwa sehemu ya mzigo wenyewe, na sehemu hiyo huuzwa hapo hapo.

Sasa nikueleze badiliko moja dogo lililoua watu wengi. Heroini ya kahawia ilivutwa kama moshi, mara nyingi ikichanganywa na tumbaku au bangi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 soko la pwani likabadilika: heroini nyeupe ikachukua nafasi ya ile ya kahawia. Nyeupe huyeyuka kwa urahisi katika maji, kwa hiyo vijana wakahama kutoka kuvuta hadi kujidunga. Hakuna aliyewashauri wala kuwalazimisha. Rangi ya bidhaa ilibadilika, na mwenendo ukabadilika nayo. Kwa kuwa bomba la sindano lilikuwa moja na watu wengi, virusi vya Ukimwi vikapata mlango mpya. Mwaka 2005 watafiti waliandika kuhusu wanawake wa Dar es Salaam ambao, mmoja akishajidunga, huvuta damu yake katika bomba na kumpa mwenzake asiye na fedha ajidunge, ili naye apunguziwe maumivu ya kukosa. Walifanya hivyo kwa kuoneana huruma. Sijasoma jambo la kusikitisha zaidi ya hilo katika mada hii yote.

Na lugha nayo ilikuwa ikitunga istilahi zake: "kete", "pusha", "maskani", "arosto" kwa yale maumivu ya kukosa, na "teja" kwa mtumiaji mwenyewe. Neno hili la mwisho lina sura ya "mteja", mtu ambaye dukani hukaribishwa kwa heshima. Likiondolewa herufi moja tu ya mwanzo limekuwa tusi. (Kwa wanafunzi wangu: wingi wa "dawa" ni "dawa", "madawa" mnayoyaandika katika insha nitaendelea kuyapigia mstari mwekundu.) "Mraibu" ni neno bora zaidi, kwa sababu linataja hali bila kumtukana mwenye hali hiyo.

Tukumbuke pia kwamba heroini haikuzaliwa jangwani kwa wahalifu. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza kuanzia mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Na vijiji vya Marekani ambavyo filamu kama ile ya Granik hutuonyesha vilipigwa baadaye na pigo jingine, lililoandikwa na madaktari kwa kalamu halali: vidonge vya OxyContin vya kampuni ya Purdue Pharma, vilivyoingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba ilivitangaza kwa udanganyifu. Maeneo ya wachimba makaa ya mawe, yenye miili iliyoumia na kazi zinazotoweka, yaliumizwa mapema na vibaya.

Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya majimaji inywewayo badala ya heroini ili mwili utulie na mtu aweze kufanya kazi na kulala. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015. Zanzibar nayo mwaka huo huo, Kidongo Chekundu. Kwa maoni yangu, hizo ni tarehe za kufundishwa darasani pamoja na tarehe za uhuru, kwa kuwa siku hizo dola liliamua kumwita mraibu mgonjwa. Hapa Burundi sheria ya adhabu bado humhesabu mtumiaji kuwa mkosaji, awe na urumogi au na "boosté", jina ambalo vijana wa Bujumbura wanaiitia heroini.

Lakini methadoni ina sharti moja, na sharti hilo huturudisha kijijini. Kwa kawaida mgonjwa hatoki na chupa. Huinywa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mkazi wa jirani ya Muhimbili hutembea kwa miguu. Kijana wa Watamu alihitaji nauli ya kwenda Malindi na kurudi kila siku, na anayetoka katika arosto hana kazi bado. Sasa mchukue kijana wa Musinzira ambaye tiba yake iko Bujumbura: kilomita zipatazo 100 za milima kushuka, nyingine 100 kupanda, katika nchi ambayo wiki nyingine basi zima husimama kwa kukosa mafuta.