Dawa Iliyotangulia Kipimo: Historia ya Kupima Homoni ya Kiume

Kipimo cha testosteroni katika damu ni kichanga kuliko dawa inayotolewa kwa kukitegemea. Homoni hiyo ilianza kutengenezwa viwandani katika miaka ya 1930, lakini njia ya kuipima kwa urahisi katika damu kidogo ya mgonjwa ilipatikana mnamo 1970. Kwa zaidi ya miaka thelathini madaktari walitibu upungufu ambao hawakuwa na namna ya kuuona, na mengi yanayomtatiza msomaji wa karatasi ya majibu hadi leo yana mizizi katika kipindi hicho.

Athari za korodani wafugaji walizijua tangu zamani. Fahali akihasiwa angali ndama hukua maksai: mtulivu, mwenye nyama, anayekubali kufungwa jembe. Kisichojulikana kilikuwa njia ambayo kiungo kidogo namna ile huutawala mwili mzima. Mwaka 1849 Arnold Berthold, profesa wa Göttingen, Ujerumani, alichapisha jaribio alilolifanya kwa majogoo sita wachanga. Waliotolewa korodani zote wakawa wanene na waoga, na undu zao, ule upanga mwekundu wa kichwani, zikasinyaa. Wengine aliwapandikiza korodani ndani ya tumbo, mbali na mahali pake pa asili. Hao waliendelea kuwika, kupigana na kuwafukuza mitetea. Alipowapasua alikuta korodani zimeshika kwenye utumbo na kuota mishipa mipya ya damu, huku neva za awali zikiwa zimekatika. Kwa hiyo kilichoamrisha undu kukua kilisafiri ndani ya damu. Kazi hiyo ilipata wasomaji wachache, na neno lenyewe homoni lilikuja kutumiwa na Ernest Starling jijini London mwaka 1905.

Kati ya Berthold na Starling yupo Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius aliyekuwa miongoni mwa wanasayansi wenye heshima kubwa mjini Paris. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, aliwatangazia wenzake kwamba alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi, na nguvu za ujana zikamrudia. Hakutosheka na maneno matupu. Alipima nguvu za mkono wake kwa chombo maalumu, na hata umbali ambao mkojo wake uliruka. Tatizo ni kwamba testosteroni haiyeyuki vizuri katika maji, tena korodani hazina ghala la kuihifadhi. Huitengeneza na kuimwaga papo hapo. Maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kumfanya lolote. Alichokipima ni imani yake mwenyewe, na imani hiyo bado inawasumbua watafiti: dalili za uchovu na kukosa hamu hupungua kwa wanaume wengi hata wanapopewa dawa bandia.

Kipimo cha kwanza cha kuaminika kilikuwa jogoo. Mwaka 1927 Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walichukua karibu kilo 18 za korodani za mafahali kutoka machinjio makubwa ya mji huo, wakazichuja kwa vimiminika vya kemia hadi zikabaki miligramu 20 za dutu isiyo safi bado. Ili kujua kama dutu hiyo ina nguvu walimdunga jogoo aliyehasiwa siku baada ya siku, kisha wakapima undu wake. Ukirefuka na kurudia wekundu, homoni imo. Ukibaki mfupi na mweupe, haimo. Maabara nyingine ziliiga njia hiyo, na kwa miaka kadhaa nguvu ya homoni ya kiume duniani ilihesabiwa kwa ukuaji wa undu. Ilikuwa njia ya polepole, na damu ya mtu mmoja isingetosha kamwe kumwotesha jogoo undu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1931 mkemia Adolf Butenandt alipata miligramu 15 za androsteroni, homoni nyingine ya kiume, kutoka lita 15,000 za mkojo wa askari polisi wa Berlin. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilipata homoni yenyewe ya korodani katika umbo la fuwele na kuipa jina testosteroni. Mwaka huohuo Butenandt kwa upande wake, na Leopold Ruzicka wa Uswisi kwa upande mwingine, waliitengeneza kutokana na kolesteroli. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1939, ingawa serikali ya Hitler ilimlazimisha Butenandt kuikataa. Sasa korodani za mafahali na mkojo wa polisi havikuhitajika tena. Dawa ikawepo, ya sindano na ya kupandikizwa chini ya ngozi, na nani aipewe likabaki suala la kukisia.

Maabara za wakati huo zilikuwa na kipimo kimoja cha kemia, kilichotumia mkojo wa saa 24 na kuonyesha rangi ya zambarau penye mabaki ya homoni za aina hii. Kasoro yake ilikuwa kubwa: kwa mwanamume, sehemu kubwa ya mabaki hayo hutoka katika tezi zilizo juu ya figo, si kwenye korodani. Mwanamume angeweza kuwa na korodani zilizokufa na majibu yenye kuridhisha. Mwaka 1944 madaktari wa Marekani Carl Heller na Gordon Myers walipendekeza njia yenye busara zaidi. Walipima katika mkojo homoni za pituitari, tezi iliyo kichwani, zinazoamrisha korodani. Kiwango kikipanda sana, maana yake tezi hiyo inapiga kelele na korodani haziitikii. Kisha waliwapa wagonjwa testosteroni na kuangalia nani anapata nafuu. Hekima ya hatua ile ya kwanza ingalipo hospitalini. Hatua ya pili ndiyo iliyopendwa na watu, na mwaka uliofuata mwandishi Paul de Kruif alitoa kitabu cha kuisifu homoni ya kiume kilichosomwa sana.

Mlango wa kuipima homoni katika damu ulifunguliwa na ugonjwa mwingine, kisukari. Katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson waligundua mwishoni mwa miaka ya 1950 namna ya kupima insulini kwa kutumia kingamwili. Insulini iliyotiwa mionzi na ile ya mgonjwa huwekwa pamoja zigombanie kingamwili chache. Kadiri ya mgonjwa inavyokuwa nyingi, ndivyo ile yenye mionzi inavyokosa nafasi, na mashine huhesabu kilichoshikwa. Yalow alipewa Nobel mwaka 1977, wakati Berson alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Testosteroni ni molekuli ndogo mno, na mwili wa mnyama hauitengenezei kingamwili. Bernard Erlanger na wenzake wa New York walikuwa wameonyesha tangu 1957 kwamba ikibandikwa kwenye protini kubwa, kingamwili hupatikana. Njia hizo mbili zilipounganishwa, mnamo 1970, testosteroni ya damu ikapimika.

Hapo ndipo ugumu halisi ulipojitokeza. Homoni hupanda alfajiri na kushuka mchana: kwa kijana, kiwango cha saa kumi jioni kinaweza kuwa chini kwa karibu robo kuliko cha saa mbili asubuhi. Chakula hukishusha, homa na ugonjwa wa ghafla hukishusha zaidi. Halafu ni asilimia 2 hivi tu ya testosteroni iliyo huru. Iliyobaki imeshikwa na protini, hasa albumini na ile iitwayo SHBG. Unene hupunguza SHBG, uzee huiongeza. Mtu mnene anaweza kuonekana ana upungufu huku homoni yake huru ikiwa ya kutosha, na mzee akaonekana mzima ilhali huru imepungua. Karibu theluthi ya wanaume wanaopata majibu ya chini mara ya kwanza hupata ya kawaida wakirudia.

Maabara nazo hazikuafikiana. Kila moja ilikuwa na kingamwili zake na mipaka yake, hadi mashine za kupima molekuli kwa uzito wake zilipoenea na Marekani ikaanzisha mwaka 2010 mpango wa kuyasawazisha majibu. Mwaka 2017 ulichapishwa mpaka wa pamoja kwa vijana wasio wanene: nanogramu 264 hadi 916 kwa desilita.

Maabara zilipokuwa bado hazijaafikiana, biashara ilikuwa imekwisha kutangulia. Jeli ya testosteroni ya kupaka ngozini iliingia sokoni Marekani mwaka 2000, ikifuatana na matangazo yaliyoorodhesha uchovu, huzuni na kusinzia baada ya chakula kama dalili za upungufu. Hakuna mwanamume wa makamo asiyeona angalau moja. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79, ulikuta dalili zinazoambatana kweli na homoni ya chini ni tatu: kupungua kwa kusimika alfajiri, kupungua kwa mawazo ya mapenzi, na kushindwa kusimika. Walio na dalili hizo zote pamoja na kiwango cha chini walikuwa asilimia 2.1. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba testosteroni haikuidhinishwa kwa ajili ya uzee pekee.

Mwongozo wa wataalamu wa homoni wa Marekani wa 2018 unataka kuwepo dalili pamoja na majibu ya chini ya damu iliyotolewa asubuhi mbili tofauti, kabla ya kula. Kisha hupimwa LH na FSH, zile homoni za pituitari zinazoamrisha korodani: zikiwa juu, kasoro iko kwenye korodani, zikiwa chini au za kawaida, hutafutwa kwenye pituitari, na prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo, hupimwa pia. Mwanamume anayetaka kupata watoto hivi karibuni haandikiwi dawa hii, kwa kuwa homoni inayotoka nje huizima pituitari, na mbegu hupungua au hukoma kwa miezi kadhaa.