Sigino ndani ya daftari la kliniki

SEHEMU YA 1

Mliozoea nije hapa na somo la presha au unyonyeshaji, leo mnisamehe. Leo naleta historia, tena ya hapa hapa kwetu Sigino. Itakuwa ndefu, kwa hiyo nitaikata vipande vipande. Asiyependa kusoma apite tu, hatugombani.

Ilianza hivi. Tulikuwa tunahamisha vitu vya stoo, yakatolewa madaftari ya zamani ya kliniki ya mama na mtoto. Mengine mchwa wameshayala pembeni. Kazi niliyopewa ilikuwa kuyapanga kwa miaka, kazi ya nusu saa. Nikakaa chini kwenye boksi la glavu nikaanza kusoma, mpaka mlinzi akaja kuniuliza, "Sista, leo huendi nyumbani?"

Majina ya watu nimeyaacha ndani ya daftari na yatabaki humo. Ninachowaletea ni zile safu za pembeni ambazo hakuna anayezisoma.

Nilifika hapa mwaka 2006, mgeni kabisa, na sanduku langu moja na baridi ya Julai ikinisubiri. Daftari la mwaka ule lina safu ya jina la mama, umri, mimba ya ngapi, kisha "anakoishi". Kwenye hiyo "anakoishi" tuliandika jina la balozi au la mwenyekiti wa kitongoji, na alama ya njia. Nanukuu mwandiko wangu mwenyewe: "mkuyu mkubwa, shuka chini". "Nyuma ya zizi la mzee." "Palipoungua." Basi. Mtu akikosa chanjo, mhudumu wa afya wa kijijini anapewa hayo maneno matatu na anamfikia. Palipoungua kila mtu alipajua, ingawa moto wenyewe ulikuwa wa zamani na mimi hadi leo sijui kiliungua nini.

Simu? Kurasa nzima hazina namba hata moja. Baadaye zinaanza kujitokeza, moja moja, na pembeni nimeandika "ya jirani", "ya shemeji", "ya mwenye duka". M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 ndipo namba zikaanza kuongezeka kwenye kurasa zangu. Siku hizi mama ana namba mbili na anakuuliza, "Nikupe ya voda au ya airtel?" Balozi hayumo tena kwenye daftari. Hakuna aliyemfuta, ila nafasi yake ilijaa tarakimu.

SEHEMU YA 2

Kuna aliyeniuliza inboksi, "Sigino ni mji au kijiji?" Swali zuri, na jibu lake linategemea unamuuliza nani. Sigino ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati. Lakini ndani ya mji huo huo bado kuna maeneo yanayoendeshwa kama vijiji, na kuna mitaa. Unaweza ukalala mjini ukaamkia shambani bila kuhama kitanda.

Turudi nyuma kidogo. Nchi hii ilikuwa ya Wagorowa, wale ambao vitabu vya zamani vinawaita Wafiomi, na Wairaqw wakawa wanashuka kutoka nyanda za juu za Mbulu kutafuta malisho na mashamba. Nyumba ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, ndama na mbuzi wamelala humo humo na watu. Nimeingia kwenye tembe chache nilipokuwa natembelea wazazi majumbani. Joto lake tamu kwa baridi yetu, sikatai. Ila kwa jicho la muuguzi, moshi ule wa kuni ulikuwa unaniumiza roho kila nilipomwona mtoto wa miezi miwili amelazwa karibu na mafiga.

Waingereza walipopitisha barabara kuu kutoka Arusha kwenda Dodoma, Babati ikawa kituo cha kupumzikia. Hata mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway aliwinda pande hizi katika safari yake ya 1933 hadi 1934, na Babati imo kwenye kitabu chake kilichotoka 1935. Wasomi wanamzungumzia kwa swala na simba aliopiga. Mimi namkumbuka kwa jambo lingine: kwenye safari hiyo hiyo aliugua kuhara damu kwa sababu ya amiba, ikabidi achukuliwe kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Amiba haijali umaarufu. Chemsheni maji jamani.

Kisha Azimio la Arusha mwaka 1967, na Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini pamoja ni lazima, mwisho 1976. Bibi mmoja niliyekuwa namfunga kidonda cha mguu kila Jumatatu alinisimulia namna walivyohamishwa. Alikuwa na mtoto mgongoni na kuku kwenye tenga. Alisema jambo lililomuuma halikuwa nyumba, maana tembe hujengwa tena. Lililomuuma ni kwamba kwenye makazi mapya waliwekwa kwa mstari, "kama wanafunzi", na mstari ule haukuelekea popote alipokuwa na haja ya kwenda. Kisima kilikuwa upande mwingine. Basi wakakanyaga njia yao wenyewe, ya kukata mstari, kutoka nyumbani hadi kisimani, na dispensari ilipokuja wakairefusha ikafika hapo.

Hiyo njia muikumbuke. Nitairudia.

SEHEMU YA 3

Babati ilikuwa sehemu ya wilaya ya Hanang hadi 1985, ikawa wilaya. Mwaka 2002 ukazaliwa mkoa wa Manyara, tukatolewa Arusha, na Babati ikapewa makao makuu. Watu wanadhani makao makuu ni majengo ya serikali. Ukiwa kliniki unaona kitu kingine: kwenye safu ya kazi ya baba, ambayo ilikuwa "mkulima, mkulima, mkulima, mfugaji, mkulima", inaanza kuingia "mwalimu", "afisa", "dereva wa serikali", "fundi". Afisa anataka nyumba ya kupanga. Fundi anaijenga. Mwenye shamba karibu na mjini anagundua kwamba ekari yake ya mahindi ni viwanja kadhaa.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,425,131 mkoa mzima wa Manyara, na ya 2022 ikahesabu 1,892,502. Hao waliozidi wamelala wapi? Wengine wamelala hapa, juu ya mashamba ya mbaazi.

Na hizo mbaazi nazo zina habari yake. Babati na mbaazi ni kama Moshi na kahawa. Mnunuzi mkubwa ni India. Agosti 2017 India ikawekea mipaka mbaazi za kutoka nje kwa sababu wakulima wao walikuwa wamevuna sana, na bei huku ikaanguka vibaya. Mama alikuwa anakuja kliniki na gunia lake liko nyumbani halina mtu wa kulinunua. Nakumbuka msimu ule wa kununua sare za shule, wazee waliokuwa wameapa hawauzi ardhi wakaanza kuuza. Hatua ishirini kwa ishirini, unapewa hela, unasaini kwa mwenyekiti. Ndipo nikaanza kuona vibao barabarani, "KIWANJA KINAUZWA", na pembeni yake ukutani kwa rangi nyekundu, "NYUMBA HII HAIUZWI". Ukisoma hivyo viwili vikiwa jirani unaelewa kuna ugomvi wa ndugu humo ndani.

Mwaka uliofuata, Julai 2018, Rais Magufuli akazindua lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Kwetu sisi lami ilikuwa imetangulia upande wa Minjingu na Singida, kwa hiyo sasa Babati ikawa njia panda ya kweli. Mizigo, mabasi, wageni. Na bodaboda.

Hapa naomba niseme kitu ambacho hamtakikuta kwenye kitabu cha historia. Nilipoanza kazi, makovu ya miguuni kwa wanawake yalikuwa ya jembe, ya miiba na ya moto wa jikoni. Sasa hivi kuna kovu jipya, la mviringo mrefu, ndani ya ndama ya mguu wa kulia. Ni ekzosi ya pikipiki. Dada anashuka upande usio wake kwa haraka, nyama inagusa bomba, kwisha. Wasichana wa miaka ishirini karibu wote wanalo au dada zao wanalo. Mama zao hawana. Nikiona mguu tu naweza kukadiria huyu alianza lini kusafiri kwa pikipiki. (Ukiungua: maji safi ya bomba, dakika ishirini. Usipake dawa ya meno, nimesema mara elfu.)

Daftari lenyewe nalo limepanuka. Kuanzia 2013 tumeongeza safu za chanjo ya nimonia na ya rota, ukurasa ukawa hautoshi, tukawa tunaandika herufi za sisimizi. Wale watoto wa kuhara waliokuwa wanatujazia benchi wamepungua sana machoni pangu. Hilo nalo ni badiliko, ila halina kibao barabarani.

SEHEMU YA 4

Sasa ile njia.

Nilipofika 2006 nilikuwa naipita kila siku. Upana wake mtu na ndoo yake. Pembeni minyaa na michongoma, na ukikutana na mtu lazima mmoja asimame, kwa hiyo lazima msalimiane. Nusu ya habari za wagonjwa wangu nilizipata kwenye njia ile. "Shikamoo bibi, mguu?" "Marahaba mwanangu, mguu umelala, ila mkwe wangu hajala tangu jana." Hapo najua pa kupita kesho.

Viwanja vilipouzwa, kila mtu aliuza chake. Hakuna aliyeuza njia, maana njia haikuwa ya mtu. Lakini hakuna pia aliyeiacha, maana kwenye karatasi ya kuuziana haikuandikwa. Minyaa ikang'olewa, ikaja senyenge. Senyenge watu waliinama wakapita. Mwisho ukaja ukuta wa tofali, na juu yake vipande vya chupa.

Aliyejenga sina ugomvi naye. Alinunua kihalali, ana karatasi zake, na aliwahi kuibiwa. Mimi mwenyewe nyumba yangu ina ukuta. Nasema hivyo ili msije mkanitungia maneno.

Usiku mmoja wa masika, miaka ya nyuma kidogo, nilikuwa zamu. Saa nane hivi nasikia mtu anapiga bati la lango. Kijana wa bodaboda, amelowa, anasema, "Sista, yuko ukutani." Kwa njia ya zamani alikotoka yule mama ni dakika kumi kwa mguu. Kwa kuzunguka barabara ya juu ni mbali zaidi ya mara tatu, na mvua ilikuwa imeigeuza kuwa uji. Pikipiki ikazama. Mama akakumbuka njia yake ya utotoni, akashuka, akaifuata gizani akiwa na mama mkwe wake, akafika kwenye ukuta. Hakujua kwamba senyenge imekuwa ukuta. Alikuwa amekaa kwao miezi mingi, amerudi kujifungulia kwa mume.

Tulizunguka na tochi na beseni. Tulipofika, mtoto alikuwa ameshatoka, amefunikwa kwa kitenge cha bibi yake, analia vizuri tu. Mama ndiye alikuwa anavuja damu. Nilimchoma sindano ya oksitosini pale pale, kwenye matope, mkono wangu mmoja ukisugua tumbo lake mpaka nikahisi mfuko wa uzazi unakaza kama mpira. Kwa wasiojua, mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Dakika tulizopoteza zilikuwa za ukuta. Mama alipona. Nimepita hapo mara nyingi tangu siku ile na bado miguu inalegea.

SEHEMU YA 5 (ya mwisho)

Wengi mmeuliza, baada ya hapo ikawaje?

Kulikuwa na kikao cha mtaa. Wazee walisema njia ilikuwepo kabla ya wote. Mwenye kiwanja akaonyesha karatasi yake, na kweli njia haipo. Kijana mmoja akatoa simu akafungua ramani ya setilaiti, na kweli ukikodoa macho unaona mstari mwembamba wa rangi ya udongo kwenye picha ya zamani. Mzee mmoja akasema, "Sasa mnahitaji picha ya kutoka mbinguni kuamini miguu ya mama zenu?" Watu wakacheka, mwenye kiwanja naye akacheka. Kikao kikaahirishwa, hakijarudiwa.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ikaja kazi ya anwani za makazi. Nguzo zikasimikwa, barabara zikapewa majina, nyumba namba. Nilifurahi, kusema kweli, maana gari la wagonjwa linapotea kidogo. Ile barabara ya kuzunguka sasa ina jina na kibao. Njia ya dakika kumi haina, maana huwezi kuweka kibao ndani ya ukuta.

Mwaka jana mwenye ukuta alipata mjukuu. Mkwewe alihudhuria kwetu kliniki zote. Sikumwambia neno, si kazi yangu. Lakini siku ya tatu baada ya kujifungua, yule baba mkwe alikuja mwenyewe na chupa ya chai kutushukuru, akakaa kwenye benchi, akaniuliza kimya kimya, "Hivi ile njia ilikuwa inapita wapi hasa?" Nikatoka nikamwonyesha kwa kidole, kutoka kona ya tangi la maji hadi kwenye kisiki cha mkuyu. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Hapo ndipo nilipoweka banda la kuku." Akamaliza chai akaondoka.

Banda bado lipo. Ila Jumamosi hii nimeona mafundi wanapima upande wa nyuma wa ukuta kwa kamba, na mimi sijauliza.

Kwenye daftari jipya, safu ya "anakoishi" siku hizi inasomeka: "geti jeusi", "nyuma ya wakala", "ghorofa lisiloisha". Alhamisi amekuja binti mdogo, mimba ya kwanza, nikamuuliza anakoishi. Akafikiri, akasema, "Sista, andika tu palipoungua."

Nikaandika.

Mwenye kujua palipoungua nini, aniambie hapo chini.